Bunge na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora

Mwezi Julai 1955 wakulima wengi walikusanyika Matombo, katika milima ya Uluguru, kupinga amri ya serikali ya kikoloni ya kulima matuta ya ngazi. Wataalamu wa kilimo wa Kiingereza walisema matuta hayo yangezuia mmomonyoko wa udongo. Waluguru walisema kazi hiyo ilikula siku zao za shamba, na kwamba kukata ngazi mlimani kulifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuacha juu. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango huo uliachwa.

Katika historia tukio hili hufundishwa kama mfano wa upinzani dhidi ya ukoloni. Hapa tulitazame kwa swali jingine. Mkulima wa Matombo aliyeona ameonewa mwaka ule angelalamika kwa nani? Bwana shamba ndiye aliyemlazimisha, na bwana shamba alitumwa na serikali ileile iliyomtawala. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwapo Dar es Salaam tangu 1926, lakini wajumbe wake waliteuliwa na Gavana, na uchaguzi wa kwanza ulikuja 1958. Kwa hiyo alikosa vitu viwili kwa pamoja: chombo huru cha kupokea na kuchunguza lalamiko lake, na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe wa kuibana serikali ijibu.

Leo vyote viwili vipo. Cha kwanza ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, cha pili ni Bunge. Watahiniwa wengi hukariri kazi za kila kimoja peke yake. Swali likiwataka waeleze uhusiano wa vyombo hivi viwili, wanaandika orodha mbili zisizogusana. Makala haya yanashughulikia uhusiano huo.

Tume ilikotoka

Tanganyika ilipata uhuru 1961 ikiwa na katiba isiyokuwa na hati ya haki za binadamu. Mwaka 1965 Katiba ya Muda iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja, na hofu ikawa hii: kama hakuna chama cha upinzani, nani atasema kiongozi anapotumia vibaya madaraka yake? Jibu la wakati ule lilikuwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoundwa 1966. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Wajumbe wake walisafiri wilayani kukusanya malalamiko ya wananchi dhidi ya viongozi na watumishi wa umma. Mwenyekiti wake wa kwanza, Erasto Mang'enya, baadaye alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 1973 hadi 1975.

Tume ile ilikuwa na kasoro moja kubwa. Matokeo ya uchunguzi wake yalikwenda kwa Rais, na Rais ndiye aliyeamua la kufanya. Ilikuwa sikio la Rais kuliko kuwa mlinzi wa raia.

Mambo mawili yalibadilisha hali. Kwanza, marekebisho ya Katiba ya 1984 yaliingiza hati ya haki na wajibu, ambayo leo ni Ibara ya 12 hadi ya 29. Pili, mwaka 1993 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Paris, zinazosema taasisi ya taifa ya haki za binadamu iwe ya namna gani: iundwe kwa katiba au sheria, iwe huru, na iwe na fedha za kutosha kufanya kazi bila kuitegemea serikali kwa hisani. Mwaka 2000 Bunge lilifanya mabadiliko ya 13 ya Katiba, yakaiweka Tume mpya katika Ibara ya 129 hadi ya 131. Mwaka 2001 likapitisha Sheria Namba 7 inayoeleza mamlaka na taratibu zake. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Jaji Robert Kisanga.

Tume hii, basi, ni zao la Bunge, lakini si sehemu ya Bunge. Usiandike kwamba ni kamati ya Bunge. Haya ni makosa yanayopoteza alama bila sababu.

Inachoweza na isichoweza

Ibara ya 130 inaipa Tume kazi ya kuelimisha umma kuhusu haki na wajibu, kupokea malalamiko ya uvunjaji wa haki, kuchunguza mwenendo wa watu na taasisi, kufanya utafiti, kuishauri serikali na sekta binafsi, kufungua mashauri mahakamani inapobidi, na kusuluhisha. Hiyo kazi ya mwisho hupuuzwa sana katika majibu, na kwa mkoa wa Morogoro ndiyo yenye uzito wa pekee. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, ugomvi kati ya wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30. Katika mgogoro wa namna hiyo kila upande una haki yake, mmoja ya shamba na mwingine ya malisho na maji. Hukumu ya mahakama humpa mmoja ushindi, na huyo mwingine anabaki kuwa jirani yake. Usuluhishi hutafuta namna ya wote wawili kuendelea kuishi hapo.

Ibara hiyohiyo inasema Tume ni idara huru, isiyolazimika kufuata amri ya mtu yeyote, idara ya serikali au chama cha siasa. Lakini soma mpaka mwisho. Rais anaweza kuipa Tume maagizo akiridhika kwamba maslahi ya taifa yanahitaji hivyo, na Tume haina mamlaka ya kumchunguza Rais wala kiongozi wa Serikali ya Zanzibar. Ibara ya 131 inaongeza mipaka mingine: Tume haichunguzi jambo lililoko mahakamani, wala uhusiano wa serikali na nchi za nje, wala uamuzi wa Rais wa kutoa msamaha kwa wafungwa.

Jambo la kushika zaidi ni kwamba Tume haihukumu. Haimfungi mtu, haimfukuzi mtumishi kazi, wala haiamuru halmashauri ilipe fidia kesho asubuhi. Inatoa mapendekezo. Hapo ndipo Bunge linapohitajika.

Bunge linaingia wapi

Tuchukue mfano wa kubuni. Wakulima wa kabichi kwenye miteremko ya Nyandira, wilayani Mvomero, wanaamka na kukuta barabara imepitishwa katikati ya mashamba yao bila tathmini wala fidia. Wameandika kwa serikali ya kijiji, kwa kata, kwa wilaya. Kimya. Wanapeleka lalamiko Tume, na Tume inachunguza na kukuta wana haki. Inampelekea kiongozi wa mamlaka husika mapendekezo yake, na sheria inamtaka kiongozi huyo aeleze amechukua hatua gani katika muda usiozidi miezi mitatu. Akikaa kimya, Tume inaweza kwenda mahakamani au kumshauri mwenye haki aende.

Hiyo ni njia moja. Njia ya pili inapitia Dodoma. Kwa Ibara ya 63 Bunge linaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na mbunge anaweza kumwuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wizara yake. Tume inajua ukweli wa jambo, kwa kuwa imekwenda shambani, imesikiliza pande zote na kusoma nyaraka. Bunge lina nguvu ya kumfanya waziri asimame na kujibu. Chombo chenye ukweli bila nguvu na chombo chenye nguvu bila ukweli vinahitajiana, na Katiba imevifunga pamoja kwa kamba nne.

Kamba ya kwanza ni uteuzi. Rais huteua makamishna baada ya kushauriana na Kamati ya Uteuzi. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni Jaji Mkuu, na ndani yake wamo Spika wa Bunge, Jaji Mkuu wa Zanzibar na Spika wa Baraza la Wawakilishi. Angalia kwamba Bunge linaingia kupitia Spika tu. Wabunge hawapigi kura kumthibitisha kamishna. Pia Katiba inataka Mwenyekiti akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu wake atoke upande wa pili.

Ya pili ni fedha. Kila mwaka, katika mkutano wa bajeti, Waziri wa Katiba na Sheria anaomba Bunge liidhinishe matumizi. Tume ina fungu lake peke yake katika bajeti hiyo, Fungu 55. Mbunge anayetaka kujua kwa nini mkulima wa milimani anapata shida kumfikia ofisa wa Tume anaanzia hapo: gari, mafuta, posho za wachunguzi na idadi ya ofisi zote zinatoka katika fungu hilo. Haki za binadamu ni maneno mazuri, lakini mchunguzi hapandi Uluguru kwa maneno.

Ya tatu ni kamati. Kabla bajeti haijafika ukumbini hupita kwenye kamati ya kudumu inayoshughulikia katiba na sheria, ambayo tangu 2023 inaitwa Kamati ya Utawala, Katiba na Sheria. Humo wajumbe hukaa na viongozi wa Tume ana kwa ana, wakauliza kwa kina kuliko inavyowezekana katika dakika chache za mjadala wa wazi. Kamati hiyohiyo hupitia miswada, na Tume inaweza kuishauri kwamba kifungu fulani kinagongana na haki iliyomo katika Katiba. Ushauri kabla ya sheria kupita ni rahisi kuliko kesi baada ya sheria kuumiza watu.

Ya nne, ambayo ndiyo kiini cha mada hii, ni taarifa ya mwaka. Ibara ya 131 inaitaka Tume kila mwaka wa fedha itayarishe taarifa yenye sehemu mbili: shughuli zake za mwaka uliopita, na hali ya utekelezaji wa hifadhi ya haki za binadamu katika Jamhuri ya Muungano. Taarifa hiyo huenda kwa Waziri anayehusika na haki za binadamu, na Waziri huiwasilisha mbele ya Bunge mapema iwezekanavyo baada ya kuipokea.

Kamba inapolegea

Linganisha sasa na taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo kila mtu huisikia redioni ukifika mwezi wa nne. Kwa Ibara ya 143, CAG humpelekea Rais taarifa, na ni lazima iwekwe mezani katika kikao cha kwanza cha Bunge kinachofuata, kabla siku saba hazijapita tangu kikao kuanza. Rais asipochukua hatua, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Tena zipo kamati za Bunge ambazo kazi yao hasa ni kuzifanyia kazi taarifa hizo.

Taarifa ya Tume haina ulinzi huo. Maneno "mapema iwezekanavyo" hayana tarehe. Waziri akichelewa, ibara haiipi Tume njia ya kwenda kwa Spika moja kwa moja. Na Katiba inasema taarifa iwasilishwe, haisemi ijadiliwe. Karatasi inaweza kuwekwa mezani ikabaki mezani. Hapa mwandishi ana maoni yake, nawe unaweza kuyatumia katika hoja ya tathmini: tofauti kati ya ibara hizi mbili ni kubwa kuliko inavyostahili. Fedha za umma zimewekewa siku saba. Haki za watu zimeachiwa busara ya Waziri.

Kwamba jambo hili si la nadharia tu, kesi ya Nyamuma inaonyesha. Mwaka 2001 wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, mkoani Mara, waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Walalamikaji 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walikwenda Tume. Tume ilisikiliza ushahidi na mwaka 2004 ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ilikataa. Shauri likaenda mahakamani hadi Mahakama ya Rufani, miaka ikaendelea kuhesabiwa, na watu waliokuwa wamekwisha kuambiwa na chombo cha Katiba kwamba wana haki waliendelea kusubiri. Mtahiniwa akiulizwa udhaifu wa Tume, mfano huu una thamani kuliko sentensi kumi za jumla.

Uweke kando ya mfano mwingine, wa Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013. Ilikuwa operesheni dhidi ya ujangili, lakini wananchi wa maeneo mengi walilalamika kuteswa, kupigwa na kupoteza mifugo. Safari hii kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya mwenyekiti wake James Lembeli, ilikwenda kusikiliza wananchi na kusoma taarifa yake bungeni tarehe 20 Desemba 2013. Siku hiyohiyo Waziri wa Maliasili na Utalii, Khamis Kagasheki, alitangaza kujiuzulu, na Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa mawaziri wengine watatu.

Malalamiko ya Nyamuma na ya Tokomeza yanafanana: nguvu za dola dhidi ya watu wa vijijini. Kilichotofautiana ni mahali taarifa iliposomwa. Tume ilisema na serikali ikakataa; Bunge liliposema, mawaziri wanne waliondoka. Lakini usiishie hapo na kudai kwamba Tume haina faida. Kamati ya Bunge huundwa na wanasiasa, huchunguza jambo likishakuwa kelele za taifa zima, kisha hugeukia jambo jingine. Mkulima mmoja wa Nyandira hana kelele za kutosha kuundiwa kamati. Tume imewekwa kwa ajili yake pia, na ipo mwaka mzima.

Udhaifu mwingine ni nafasi kukaa wazi. Kati ya 2018 na 2019 Tume ilikaa kwa muda mrefu bila makamishna, mpaka Rais John Magufuli alipomteua Jaji Mathew Mwaimu kuwa Mwenyekiti mwaka 2019. Watumishi wa Tume waliendelea na kazi, lakini makamishna ndio Tume yenyewe kwa maana ya Katiba. Bunge haliteui, ila linaweza kuuliza kwa nini kiti ni kitupu.

Je, Bunge likiuliza sana haliingilii uhuru wa Tume? Swali hili huwachanganya wengi. Mwaka 2012 wataalamu walikutana Belgrade, Serbia, wakaandaa Kanuni za Belgrade kuhusu uhusiano wa mabunge na taasisi za haki za binadamu. Msimamo wake ni kwamba taasisi hizo ziripoti kwa bunge, na bunge lijadili taarifa zao na kufuatilia serikali imefanya nini juu ya mapendekezo. Kudai hesabu ya kazi na fedha ni halali. Kuiambia Tume iamue lalamiko fulani kwa namna fulani ndiko kuingilia.

Majirani zetu

Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, inataka makamishna wa tume zake waidhinishwe na Bunge la Taifa, na kila tume ipeleke taarifa ya mwaka kwa Rais na kwa Bunge, bila kupitia kwa waziri. Huko kazi imegawanywa: ipo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na ipo Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Uganda imekwenda mbali zaidi. Katiba yake ya 1995 inaipa Tume ya Haki za Binadamu mamlaka yanayofanana na ya mahakama, ikiwa pamoja na kuamuru mtu aliyewekwa kizuizini aachiwe au alipwe fidia. Makamishna wake huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge, na taarifa yake huenda bungeni moja kwa moja.

Zanzibar ni suala la pekee. Haki za binadamu zinaihusu Jamhuri nzima, lakini Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria yake ili Tume ifanye kazi visiwani. Ukieleza Bunge bila kulitaja Baraza la Wawakilishi, jibu lako limeacha nusu ya Muungano.

Ukikutana na swali

Swali likisema "eleza kazi za Tume", orodha ya Ibara ya 130 inatosha, kila kazi na maelezo ya sentensi mbili. Likisema "tathmini", "jadili" au "kwa kiasi gani", msahihishaji anataka uzani: nguvu upande mmoja, mipaka upande wa pili, na msimamo wako. Usitaje ibara usiyo na uhakika nayo. Ni afadhali kuandika "kwa mujibu wa Katiba" kuliko kubuni namba. Na usichanganye Tume hii na TAKUKURU, ambayo kazi yake ni rushwa, wala na Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966 haikuweza kuwa mlinzi kamili wa haki za raia? Toa sababu ukizingatia mahali taarifa zake zilipokwenda.

2. "Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora bila Bunge ni sauti isiyo na mkono." Jadili kauli hii kwa kutumia kesi ya Nyamuma na Operesheni Tokomeza.

3. Umechaguliwa kuwa mbunge wa jimbo lenye vijiji vya milima ya Uluguru. Wakulima 40 wamekuletea nakala ya mapendekezo ya Tume ambayo halmashauri haijayatekeleza baada ya miezi sita. Eleza hatua utakazochukua ndani ya Bunge, na utaje hatua moja ambayo huruhusiwi kuichukua.